Kuacha Imani, Kubaki Mtaani

Kuacha dini ya malezi huonekana kuwa jambo moja kwa anayelitazama kwa mbali. Anayelipitia akiwa mkaazi wa Ndia Kuu, barabara nyembamba inayoanzia karibu na Ngome ya Yesu na kupenya ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, hulikuta limegawanyika. Kuna kuacha kuamini, ambako hutokea kichwani na hakuna jirani anayekuona. Kuna kuacha kutenda: kuswali, kufunga, kwenda Ijumaa. Kisha kuna kuacha kuhesabiwa miongoni mwa watu wa dini hiyo, yaani kutoka katika ndoa zao, mirathi yao na makaburi yao. La kwanza laweza kutimia kimyakimya. La pili hufanywa nusunusu, kwa miaka. La tatu, kwa wengi, halitimii kamwe, na sehemu kubwa ya makala haya yahusu sababu za kutotimia kwake.

Yanayoelezwa humu yametokana na maisha ya mwandishi wake, aliyelelewa katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, akasoma chuo cha Qurani hadi akakhitimu, kisha akaacha kuamini akiwa kijana. Yameunganishwa na historia na sheria pale ambapo kumbukumbu ya mtu mmoja haitoshi.

Malezi ya dini katika Mji wa Kale huanza kabla mtoto hajajua kwamba anafundishwa. Huadhiniwa sikioni siku anapozaliwa. Husikia dua kabla ya kula, na bismillahi mama anapomimina mafuta karaini. Akifika miaka minne au mitano hupelekwa chuoni, ambako mara nyingi ni chumba cha chini katika nyumba ya mwalimu: watoto wameketi mkekani, kila mmoja akisoma mahali pake kwa sauti yake, na mwalimu ana bakora ndefu inayofika safu ya nyuma bila yeye kuinuka. Mtoto huanza na alifu na bee, huingia irabu, hujifunza kuunganisha, kisha huzihifadhi sura fupi za Juzuu Amma, na kupanda polepole mpaka msahafu mzima. Siku ya kukhitimu huvikwa kanzu mpya, na nyumbani hupikwa pilau.

Maana ya maneno hayo ya Kiarabu hufundishwa baadaye, na kwa wengine haifundishwi kabisa. Wageni hulilaumu sana jambo hili, na lawama yao ni sahihi nusu tu. Ni kweli kwamba mtoto anaweza kukhitimu bila kujua alichokisoma kinasema nini. Lakini sauti iliyokaririwa utotoni hukaa mahali ambapo hoja haifiki, na ndiyo sababu inadumu hata baada ya imani kuondoka. Mwandishi bado anaijua Yasini kwa moyo tangu mwanzo hadi mwisho, na anapoisikia ikisomwa matangani midomo humtangulia akili.

Nje ya chuo, dini ndiyo saa ya mtaa. Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kuwa wa mnamo 1570, uko hatua chache kutoka Ndia Kuu, na Msikiti wa Basheikh hauko mbali. Adhana hupokezanwa kutoka mnara hadi mnara kwa tofauti ya sekunde chache. Watu hawaagani kukutana saa kumi na nusu, huagana baada ya Alasiri. Hata miezi ya Kiswahili ya asili huhesabiwa tangu Ramadhani inapokwisha: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Mfungo Sita ni mwezi wa maulidi, na mtoto asiyependa chuo hupenda maulidi kwa sababu ya halua na kahawa. Mambo haya hayakuanza jana. Ibn Battuta, aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331 akielekea Kilwa, aliandika kwamba wenyeji ni watu wa dini wa madhehebu ya Shafii, na kwamba misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Madhehebu hayo ndiyo bado ya walio wengi, karibu miaka 700 baadaye.

Mtu mashuhuri zaidi kuacha dini ya malezi yake hapa kisiwani hakuwa kafiri wa kuamini hakuna Mungu, na dini aliyoiacha ilikuwa Ukristo. Yusuf bin Hasan alizaliwa mnamo 1607, mwana wa mfalme wa Mombasa. Baba yake aligombana na Wareno, na mwaka 1614 akauawa kwa njama zao. Mtoto alipelekwa Goa, akalelewa na watawa Waagustino, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia. Alitumikia katika merikebu za Wareno, akaoa mke Mkristo, kisha mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kutawala kama mfalme Mkatoliki. Mwaka uliofuata alimwandikia Papa Urban VIII barua ya utiifu. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Ngome ya Yesu na watu wake, akamuua kamanda Pedro Leitão de Gamboa, akaurudia Uislamu hadharani. Katika siku zilizofuata waliuawa Wareno wapatao 150, wanaume, wanawake na watoto, pamoja na Waafrika waliobatizwa. Msafara uliotumwa kutoka Goa kumwadhibu ulishindwa. Mei 1632 akaihama Mombasa yeye mwenyewe, akawa haramia baharini, na akafia upande wa Bahari ya Shamu mnamo 1638.

Wanahistoria huueleza uasi huo kwa siasa na kisasi, na pengine hawakosei. Lakini inasimuliwa pia kwamba mfalme alikuwa akienda kaburini kwa baba yake usiku na kuomba kwa desturi ya Kiislamu, na kwamba kamanda alipopashwa habari alinuia kumrudisha Goa kwa kesi. Kwa mada hii, hilo la kaburi ndilo lenye uzito. Watawa walimpa Yusuf jina, elimu, mke na kiti cha ufalme. Hawakuweza kumpa wafu wengine badala ya wafu wake. Dini ya malezi hudumu au huvunjika mahali walipo jamaa mara nyingi zaidi kuliko mahali palipo na hoja, na mtu anayedhani ameiacha kwa hoja hugundua hivyo msiba wa kwanza unapobisha mlangoni.

Kisa cha Yusuf chaonyesha jambo jingine. Katika zama zake aliyetoka katika dini moja aliingia nyingine mara moja. Hapakuwa na chumba kitupu katikati. Hali hiyo iliendelea pwani kwa karne nyingi, na hata katika kumbukumbu za watu walio hai kuhama kwenye kelele kumekuwa kuhama ndani ya Uislamu wenyewe. Sheikh Abdilahi Nassir (1932–2022), mwanazuoni wa Mombasa aliyewahi kuwa mwanasiasa wa Mwambao na mhariri wa vitabu vya Kiswahili, alilelewa katika Usuni wa Kishafii na katika miaka ya 1980 akajitangaza kuwa Shia. Mabishano yalidumu miaka mingi, kwenye darasa, kanda na vijitabu. Hata hivyo alibaki Mombasa, akaendelea kufundisha, na watu wakaendelea kumwita Sheikh. Alikuwa na msikiti wa kwenda na vitabu vya kujibia. Asiyeamini hana mwalimu wala kitabu, na akibishana barazani hubishana peke yake dhidi ya baraza zima.

Shaka huingia kwa milango mbalimbali. Mlango mpana zaidi katika Mji wa Kale ni majirani. Kutoka Ndia Kuu, matembezi mafupi kuelekea Barabara ya Nkrumah yampeleka mtoto mbele ya Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu la Wakatoliki na Kanisa Kuu la Waanglikana, lililokamilika 1905 na ambalo kuba lake linaweza kumfanya mgeni adhani ni msikiti. Akielekea bandari ya zamani atafika msikiti wa Mabohora, na akishika njia ya Langoni atakuta hekalu la Wajaini. Mtoto anayecheza gololi na Mgoa, Mbohora na Mhindi huona mapema kwamba kila mmoja ameirithi haki yake kutoka kwa baba yake, kama pua. Mwalimu wa chuo akimwambia kwamba wote hao watachomwa moto isipokuwa yeye, swali linalomjia halihusu elimu ya nyota wala mageuko ya viumbe. Linamhusu rafiki yake. Mwandishi ameona wengi wakianzia hapo, na wachache sana wakianzia vitabuni.

Vitabu hufuata. Katika mfumo wa 8-4-4 mwanafunzi aliweza kufanya mtihani wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, ulioeleza kuumbwa kwa Adamu, na katika kidato cha nne akafanya mtihani wa Biolojia wenye mada ya mageuko ya viumbe, akafaulu yote miwili bila mwalimu yeyote kuziweka mada hizo meza moja. Nchi nzima huishi hivyo. Kijana wa Turkana, mifupa ya mtu wa kale wa zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka 1984, ni fahari ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Na mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo aliongoza kampeni ya kutaka mifupa ya aina hiyo isipewe nafasi ya mbele katika maonyesho. Makumbusho hayakukubali, na Wakenya wengi wakaendelea kuamini pande zote mbili.

Wazee wa mtaa wana maelezo yao. Kijana akiacha kuswali husemwa kwamba amesoma mno, au ameharibiwa na Nairobi, au anataka pombe na wanawake. Maelezo ya mwisho ni mepesi kukanushwa: kisiwani hapa walevi wanaomwamini Mungu ni wengi kuliko wasioamini wa kila aina, na hakuna anayelazimika kuikana pepo ili apate chupa. Maelezo mengine husema kijana ana jini. Hapo huitwa mwalimu amsomee, au huletwa kombe, maandishi ya aya kwa zafarani yaliyooshwa kwa maji katika sahani nyeupe, ayanywe. Mwandishi alinyweshwa kombe kwa siku kadhaa. Alilinywa lote, kwa sababu aliyelileta ni mama.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: hofu hukawia kuondoka kuliko imani. Mtu anaweza kuwa ameridhika kabisa kwamba hakuna moto wa Jahanamu, na bado akashtuka usiku wa manane kwa kuuota. Hii haithibitishi kwamba moto upo, kama wanavyodai wahubiri, wala haionyeshi kwamba mtu huyo bado ni mwumini aliyejificha. Alichotishwa nacho mtoto wa miaka sita hakiondolewi na kitabu kilichosomwa akiwa na ishirini. Hupungua kwa mazoea, na kwa baadhi ya watu huchukua zaidi ya miaka kumi.

Bara, mambo haya yametokea kwa sauti kubwa zaidi. Mwezi Machi 1970 Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye wakati huo bado alijulikana kama James Ngugi na alikuwa amesoma katika shule za wamishonari, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki akasema yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo. Mzee mmoja alimkabili kwa hasira akimkumbusha kwamba jina lake mwenyewe ni la Kikristo. Ngũgĩ baadaye akaliacha jina hilo. Nchini Tanzania, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyepitia seminari ya Kikatoliki, hakuhutubia mkutano wowote. Aliliweka jambo katika riwaya, tangu Kichwamaji ya 1974 hadi Nagona na Mzingile za mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambamo mtu hutafuta maana katika ulimwengu usiomjibu. Njia hizi mbili, ya jukwaani na ya kitabuni, zote zilihitaji mtu aliyekwisha kuwa na jina. Mvuvi au muuza duka wa Mji wa Kale hana jukwaa wala mchapishaji, na akiyasema yake barazani yatakuwa yamefika mtaa wa Kibokoni kabla ya Magharibi.

Chama cha wasioamini, Atheists in Kenya, kilisajiliwa Februari 2016 chini ya uongozi wa Harrison Mumia. Miezi michache baadaye usajili ukasimamishwa baada ya viongozi wa dini kulalamika, na chama kikalazimika kwenda mahakamani kuurudisha. Mwaka 2021 katibu wake, Seth Mahiga, alijiuzulu akitangaza kwamba amempata Yesu Kristo. Chama kikamtakia heri na kutangaza nafasi ya kazi. Gazeti lililitaja hilo kama kichekesho, na kwa kweli lachekesha, lakini ni mfano adimu wa mtu kubadili imani Kenya bila mtu yeyote kutukanwa. Kwa upande wa hesabu, sensa ya 2009 iliandika watu 922,128 wasio na dini, na ile ya 2019 ikaandika 755,750 kati ya watu zaidi ya milioni 47. Takwimu hizo zahitaji uangalifu. Mjumbe wa sensa huuliza swali mbele ya nyumba nzima, na mara nyingi baba hujibu kwa niaba ya wote.

Sheria ya Kenya kwa maandishi iko wazi. Ibara ya 8 ya Katiba ya 2010 yasema hakuna dini ya taifa. Ibara ya 32 yampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni, na yakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Kuritadi si kosa la jinai. Kinachokatazwa na Kanuni ya Adhabu ni kuitukana dini ya watu au kusema maneno kwa nia ya kuumiza hisia zao za kidini, na mpaka kati ya kusema "siamini" na kutukana huchorwa na msikilizaji mara nyingi kuliko na hakimu.

Pwani kuna tabaka la pili la sheria. Mahakama za Kadhi, zilizokuwapo tangu enzi za Sultani na kulindwa na makubaliano ya 1895 na ya 1963 kuhusu Mwambao, zimewekwa katika Ibara ya 170. Mamlaka yake ni hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na tena pale tu ambapo pande zote zinakiri Uislamu na kukubali kusikilizwa huko. Neno zito hapo ni kukiri. Serikali haipimi moyo wa mtu, huangalia anachojitambulisha nacho. Sheria ya Urithi nayo huwaacha nje wale waliokufa wakiwa Waislamu, ili mali zao zigawanywe kwa fiqhi. Kwa hiyo asiyeamini anayenyamaza hubaki, kisheria na kimtaani, Mwislamu. Anayetangaza huingia katika hesabu nyingine kabisa: kwa fiqhi ya Kisuni asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, wala Mwislamu hamrithi yeye, na kwa madhehebu ya Shafii ndoa ya aliyeritadi huvunjika asiporejea kabla ya eda kumalizika.

Katika Mji wa Kale hili si suala la nadharia. Nyumba za Ndia Kuu, zenye milango ya nakshi na roshani za mbao, nyingi ni za warithi wengi wasiogawana, na baadhi ni wakfu. Mtu anaishi katika ghorofa ya juu kwa haki ya babu, shangazi yuko ya kati, binamu ana duka chini. Sentensi moja iliyosemwa vibaya mbele ya ami mwenye kinyongo yaweza kugeuka hoja katika kesi ya mirathi miaka ishirini baadaye. Wanaotoka nje hukiita kimya cha watu hawa woga. Mwandishi aliwahi kukiita hivyo kwa wengine, kisha nyumba ya babu ikafika mezani, na tangu hapo hulitumia neno hilo kwa uangalifu.

Maisha ya kila siku hupata utaratibu wake. Salamu hubaki salaam aleikum, na inshallah haiachwi na mtu yeyote, kwani bila hilo hata miadi ya fundi bomba huonekana ya kiburi. Ijumaa mtu huwa na shughuli upande wa Tudor. Ramadhani ndiyo ngumu. Anayekula mchana kwa siri huitwa kobe, na mtaani hoteli zimefungwa, hivyo kobe huvuka hadi Moi Avenue, akatazama kushoto na kulia, akaingia. Kisha jua likizama hurudi nyumbani, akaketi na wenziwe kwenye mbaazi za nazi, mahamri, kaimati na uji wa pilipili manga, akala kwa hamu isiyo na unafiki wowote. Futari ya mama haiulizi imani ya mlaji. Wapo wanaofunga mwezi mzima bila kuamini, kwa kuona aibu kula wakati nyumba ina njaa. Mwandishi ni mmoja wao katika miaka mingi, na haoni kwamba amejipinga.

Kwa wanawake utaratibu huo ni mwembamba zaidi. Mwanamume aliyeacha kuswali anaweza kukaa miaka bila mtu kuwa na hakika. Mwanamke aliyevua buibui hujulikana kabla hajafika mwisho wa barabara, na swali halielekezwi kwake, huelekezwa kwa baba na kaka zake. Ndiyo maana wanawake wasioamini ambao mwandishi amewahi kuwafahamu hulivaa vazi hilo hadi uwanja wa ndege, na wengine hawalivui kabisa. Mmoja alieleza kwamba buibui ndilo linalompa nafasi ya kufikiri apendavyo, kwa kuwa hakuna anayemkagua zaidi ya hapo.

Kuna upande mwingine wa kutotoka, ambao hauchaguliwi. Kati ya 2012 na 2014 Mombasa ilipitia mahubiri makali katika baadhi ya misikiti, mauaji ya masheikh mitaani, ghasia, na uvamizi wa polisi katika Masjid Musa huko Majengo mwezi Februari 2014. Katika misako ya wakati huo hakuna askari aliyeuliza kijana anaamini nini. Aliangalia jina kwenye kitambulisho. Vivyo hivyo, kwa miongo kadhaa waombaji wa vitambulisho kutoka jamii za Kiislamu wamehojiwa na kamati za uhakiki ambazo majirani zao wa bara hawakukutana nazo. Aliyeacha kuamini akiwa na jina la Mohamed au Fatma hukaa foleni ileile na mwumini. Wengi husimulia kwamba ni katika miaka hiyo walipojiona Waislamu zaidi kuliko walipokuwa wakiswali. Maneno hayo si ya mzaha. Yanataja jamii ambayo mtu huwekwa ndani yake na wengine, na ambayo hawezi kuikana siku inapoonewa bila kujisikia msaliti.

Kuhusu kuwaambia wazazi, uzoefu umefundisha machache yenye msaada. Waliotamka katikati ya ugomvi, hasa ugomvi wa ndoa au wa fedha, hawakusikika wakisema wanachoamini, walisikika wakitukana. Waliomwambia jamaa mmoja kwanza, mara nyingi mjomba au bibi, walipata mtu wa kuwasemea. Wazazi wengi hujua kabla ya kuambiwa na hupendelea kutoambiwa, na mtoto anayewalazimisha kulisikia huwaondolea njia ya heshima waliyokuwa wakiitumia. Kuna wasemao ukweli lazima usemwe bila kujali. Huenda ni kweli kwa anayeishi katika fleti yake London, ambako Baraza la Waliokuwa Waislamu la Uingereza limekuwapo tangu 2007 na mtu anaweza kupata wenzake jioni moja. Ndia Kuu hakuna jioni kama hiyo. Wasioamini hutambuana polepole, kwa mzaha uliokwenda hatua moja mbele ya kawaida, na huweza kupita miaka kabla mmoja hajauliza waziwazi.

Watoto huleta uamuzi ambao kimya hakiwezi kuubeba. Mtoto akifika miaka mitano, ama anapelekwa chuoni au hapelekwi, na bibi yake huhesabu siku. Wengi humpeleka. Sababu zao hutofautiana: lugha ya mtaa imejaa Qurani, wenzake wote wako huko, na mtoto asiyejua kusoma Fatiha hutengwa hata kwenye msiba wa babu yake. Mwandishi aliwapeleka wake, kwa sharti kwamba bakora isitumike, na nyumbani akajibu maswali yao kwa kadiri ya umri wao. Mwacha mila ni mtumwa, wazee husema, na methali hiyo hutumiwa kufunga mjadala. Lakini ukweli wake hapa ni mdogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa anayemfundisha mtoto Yasini bila kumtisha kwa moto hajaacha mila, ameichagua.

Mwisho ni mazishi, na hapo sheria na mtaa hukubaliana dhidi ya marehemu. S.M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyefariki Desemba 1986, aliishi maisha ya kisasa, na mjane wake Wambui aliiambia mahakama kwamba mumewe hakutaka kuzikwa kwao. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo wake wa Umira Kager mwili, azikwe Nyalgunga kwa mila za Kiluo. Kesi hiyo ilihusu Mluo na Mkristo, lakini asiyeamini wa Mombasa huielewa haraka: maiti haimilikiwi na aliyekuwa akiishi ndani yake. Na Mji wa Kale huzika upesi. Anayekufa alfajiri hukoshwa, huvikwa sanda, huswaliwa na kuzikwa siku hiyohiyo, labda Kikowani, kabla wakili hajafungua ofisi.

Wapo walioandika kwamba wasiswaliwe. Mwandishi ameandika wasia kuhusu mali na kuiacha sehemu ya mazishi wazi, kwa maoni kwamba mazishi ni ya wanaozika. Atakosa kuusikia utaratibu wote, ukiwamo ule wa kabla ya swala ya jeneza, pale mmoja wa jamaa anaposimama na kutangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu awaone warithi. Juu ya hilo hakuwahi kuwa na shaka, na orodha ya wanaomdai iko kwenye droo pamoja na wasia.